Mwanamke wa Duka la Maua

Nilimwona tena mwezi uliopita, katika kliniki ya meno huko Makadara. Televisheni ilikuwa imetundikwa karibu na dari, sauti imezimwa, na sisi wagonjwa tumeketi chini yake tukiwa tumeshika mashavu. Humo kwenye skrini mwanamke yule alitoka katika duka lake la maua, akafungua mwavuli mwekundu, akavuka barabara. Nilimtambua kabla hajageuza uso. Mzee aliyeketi kando yangu aliniuliza kama jino linaniuma sana, maana nilikuwa nimesimama bila kujijua. Nikamwambia hapana, nilikuwa nanyoosha miguu tu.

Kile kipindi cha mauaji kilikuwa cha zamani hata enzi zile tulipokuwa tukikitazama sisi. Kilionyeshwa Jumamosi alasiri, na hakuna aliyekumbuka kilianza lini. Kulikuwa na mji mdogo wa ng'ambo, nyumba za mawe, mvua isiyokatika, na kila wiki ilikuwa lazima mtu mmoja afe. Aliyemtafuta muuaji alikuwa mzee mmoja mrefu ambaye hakuvua kofia hata akiwa mezani, na jambo hilo lilimkera Mama kuliko mauaji yenyewe. Sisi watoto wa mtaa wa Mbotela tulimwita Buda Kofia. Mwisho wa kila kipindi aliwakusanya watu wote sebuleni, akazungukazunguka, akanyoosha kidole. Kisha matangazo ya sabuni.

Tulikaa katika nyumba ya kaunsili yenye chumba kimoja na jiko. Nyuma ya pazia walilala Baba na Mama, na mimi na mdogo wangu Wafula tulilala upande wa televisheni, jambo ambalo nililiona kuwa heshima kubwa. Baba alifanya kazi ya reli na mara nyingi alikuwa zamu. Mama alifuma sweta za shule kwa mashine iliyokaa dirishani, ile ya kusukuma kwa mkono, kraa kwenda, kraa kurudi. Nyumba nzima ilinuka sufu na mafuta ya mashine. Hadi leo nikipita mahali panaponuka hivyo napunguza mwendo, bila huzuni yoyote, napunguza tu.

Jumamosi hizo walikuja pia Brayo, mtoto wa jirani, na mamake, Mama Brayo, mwanamke wa Murang'a aliyeuza mboga kando ya Jogoo Road na aliyeamini kwamba muuaji daima ni yule anayecheka sana. Alikuwa akikosea kila wiki na hakuwahi kubadilisha msimamo. Mama yeye alifuma huku akitazama, na akijua muuaji hakusema. Alisimamisha tu mashine, akatabasamu, akaendelea.

Kipindi ninachokisema kilikuja siku ambazo mashine haikusikika tena. Mama alikuwa mgonjwa tayari, ingawa mimi niliambiwa amechoka. Alikuwa ameketi kitandani, pazia limefunguliwa ili aone, leso mabegani. Buda Kofia aliingia katika duka la maua kununua shada la kupeleka mazishini, na mwenye duka akainuka kutoka nyuma ya meza. Brayo ndiye aliyeona kwanza.

"Zii, huyu mathe si alidedi kwa swimming?"

Ni kweli, alikuwa amekufa. Zamani alikuwa mke wa daktari, akazamishwa katika bwawa la kuogelea akiwa na gauni la manjano, na mimi baada ya hapo nilikataa kuoga kwa karai kwa siku kadhaa, nikioga kwa kujimwagia kikombe kikombe. Nilimjua vizuri. Sasa nywele zilikuwa fupi na jina lilikuwa lingine, lakini shingo ilikuwa ileile na macho yaleyale. Tena Buda Kofia, aliyesimama kando ya maiti yake akiwa amekunja uso, alikuwa anamuuliza bei ya maua kana kwamba hawajawahi kuonana.

Nilimgeukia Mama. Nilimuuliza kama huyu si yule aliyekufa.

"Alikufa," Mama akasema. "Sasa amerudi na jina lingine. Kipindi kimekuwa kirefu mpaka wameishiwa na watu."

"Na mbona Buda Kofia hamjui?"

"Anamjua. Lakini haruhusiwi kusema. Akisema, ataharibu kipindi, na yule mama itabidi aende."

Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, na Mama Brayo akaenda jikoni kumpashia maji. Hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Watu wazima waliendelea kutazama, na naona hakuna hata mmoja aliyeyakumbuka maneno hayo ilipofika jioni. Mimi niliyachukua yote. Sikuwa mtoto mjinga, nilikuwa wa kwanza darasani katika hesabu, ila niliambiwa jambo na mtu ambaye hakuwahi kunidanganya, na nikaliweka pamoja na mambo mengine ya kweli.

Mama alifariki hospitalini muda si mrefu baadaye. Mama Brayo alikuja kunichukua shuleni akiwa amevaa aproni yake ya sokoni, akaninunulia maandazi njiani, akaninunulia mengine kabla sijamaliza yale ya kwanza. Nyumbani fanicha ilikuwa imetolewa nje na viti vya kanisa vimeingizwa ndani. Kila jioni watu walikuja, wakaimba, wakaomba, wakapanga safari ya kumpeleka Mama nyumbani magharibi. Waliniweka mapajani, wakanishika kichwa, wakaniangalia usoni wakisubiri nilie. Sikulia, na si kwamba nilijikaza. Sikuhisi kitu. Nilihisi nyayo zangu juu ya saruji na utamu wa chai yenye sukari nyingi, basi. Nilikuwa najiuliza tu atarudi na nywele za aina gani.

Niliwasikia wakubwa wakisema kwamba mdogo wake Mama amefika kutoka nyumbani, amepelekwa moja kwa moja chumba cha maiti kumvalisha, na atasafiri katika gari la mbele pamoja na jeneza. Sikuwa namkumbuka. Alinibeba nikiwa mchanga, walisema. Sisi watoto tulipanda basi la nyuma. Kule nyumbani, watu walipopanga foleni kumwona Mama kwa mara ya mwisho, Kukhu, yaani bibi aliyemzaa Mama, alinivuta kando. Alisema watoto wabaki na sura waliyoizoea. Kwa hiyo sikumwona, na nililiona jambo hilo kuwa sawa kabisa. Jeneza lilishuka, watu wakapiga mayowe, na mimi nikatazama kuku wa jirani akipita na vifaranga wake katikati ya miguu ya waombolezaji.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, nguo za marehemu hugawiwa ndugu. Zilitandazwa juu ya mkeka uani, na mimi nilizijua zote, hata zile nilizowahi kuzichafua. Kukhu aliinua gauni la rangi ya maruni lenye kola nyeupe, lile la kanisani, akampa msichana mmoja aliyekuwa amenipa mgongo, ambaye siku zote hizo alishinda ndani nami sikuwa nimemwona usoni, akamwambia alivae palepale juu ya nguo zake. Msichana akavaa. Kisha Kukhu akaniita.

"Njoo umsalimie mama yako," akasema. "Mama yako hajaenda popote. Ndiye huyu."

Aligeuka, na alikuwa yeye. Alikuwa amepungua mwili, amekuwa kijana zaidi, na nywele zilikuwa zimekatwa fupi kabisa kama za mwanafunzi. Lakini shingo ilikuwa ileile na macho yaleyale. Niliwatazama watu wote pale uani, mmoja mmoja, na hakuna aliyeshtuka. Wazee walitikisa vichwa wakikubali. Baba naye alitikisa kichwa. Nikajua kwamba wote wanajua na wote wametii, na kwamba sasa ni zamu yangu. Niliuliza anaitwa nani. Mtu akasema anaitwa Janet. Nikampa mkono kwa adabu, nikamwambia karibu, na yeye akanitazama kwa muda mrefu huku midomo ikimtetemeka. Nilidhani anajitahidi asicheke.

Leo nikiwa mama wa watoto wangu najua kwamba Kukhu alisema kilicho kweli kwetu. Dada ya mama ni mama, na kumwita vingine ni kumfukuza. Lakini Kukhu hakuwa na televisheni.

Aunty Janet alirudi nasi Mbotela. Alikuwa ametoka tu kumaliza shule na alikuwa na mipango yake, ambayo hakuna aliyemuuliza. Majirani walimrithisha hata jina. Mama alikuwa akiitwa Mama Wafula, ingawa mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, na sasa huyu naye akawa Mama Wafula tangu dukani hadi bombani. Alilala upande wetu wa pazia, kati yangu na ukuta. Hilo lilinitatiza kwa siku chache, kisha nikaona ni sawa, kwani mwenye duka la maua naye hakuwa na ruhusa ya kwenda kulala kwa yule daktari.

Nilianza kumchunguza. Buda Kofia alikuwa hasemi mpaka amemaliza ushahidi, na mimi nikafanya vivyo hivyo. Wafula, aliyekuwa bado anajikwaa akitembea, alimwendea siku ya kwanza na kulala kifuani pake, na mtoto mdogo hivyo hafundishwi kuigiza. Mashine ya sweta aliijua. Aliketi dirishani, akaipaka mafuta, na ile kraa kwenda kraa kurudi ikaanza tena. Alikata uzi kwa meno ya upande wa kushoto, anavyofanya hata leo na mvi zake zote. Lakini mkono wake haukuwa na lile kovu la pasi alilokuwa nalo Mama, na chai aliipika tofauti, na nyimbo zake za kanisa zilikuwa nyingine. Kovu nililielewa, wanapaka poda. Nyimbo na chai nilisema ameagizwa abadilishe. Kila kisichofanana kilinithibitishia jinsi anavyojitahidi, na nilimwonea fahari.

Kilichonisumbua ni kipindi chenyewe. Jumamosi, mtu wa wiki hiyo alipokufa tu, Aunty Janet aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko mpaka mwisho. Mama hangefanya hivyo. Nilikaa nikalifikiria, nikakata shauri kwamba anaogopa tukimtazama yeye na kuitazama televisheni kwa pamoja, Brayo atafungua mdomo. Ikawa Jumamosi namkaribisha Brayo kidogo tu, na nikimwona anamtazama Aunty sana namwambia mama yake anamwita.

Mimi mwenyewe nilikuwa mwangalifu kupita kiasi. Nilimwitikia naam. Nilikula alichopika, nikaosha vyombo bila kuambiwa, nikamshukuru kwa kila kitu, hata kwa kunifunga vifungo. Aliponikumbatia nilisimama wima, mikono chini, nikiogopa kwamba nikimshika vizuri nitasema. Sikulia, sikucheka sana, sikuuliza lolote kuhusu Mama. Shuleni mwalimu alinipa pole mbele ya darasa, nikamwambia asante. Majirani wanawake wa ploti walisema huyu mtoto ni mgumu, wengine kwa sifa, wengine wakipunguza sauti. Baba aliridhika. Ndani yangu kulikuwa kimya tu, kama chumba ambacho mtu ametoka akaacha mlango wazi, na sikuona ubaya wake. Nilikuwa ninangoja.

Sijui ningengoja mpaka lini. Siku moja nilitoka shuleni mapema nikawakuta Aunty Janet na Mama Brayo nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo. Shuka zilining'inia kati yetu na hawakuniona. Aunty Janet alikuwa anasema kwamba shule zikifungwa atarudi nyumbani, ameshamwambia Baba, na Kukhu atakuja kuchukua nafasi yake. Mama Brayo akamuuliza sababu.

"Huyu msichana hanitaki," akasema. "Sijamwona akilia hata siku moja. Ananitazama tu, saa zote, kana kwamba ni mimi nimeua mtu."

Mama Brayo alimwambia avumilie. Aunty Janet akasema amevumilia, na sauti yake ilikuwa imechoka kabisa. Nilirudi hadi mbele ya nyumba nikakaa mlangoni na begi mgongoni. Nilikuwa nimetii masharti yote, nimecheza sehemu yangu kuliko hata Baba, na bado anaondoka. Tena safari hii anaondoka kwa sababu ya kutii kwangu. Nikawaza kwamba pengine kuna mahali Buda Kofia humvuta yule mwanamke pembeni, mahali ambapo sisi watazamaji hatuoneshwi, na kumnong'oneza kwamba anamjua.

Jumamosi iliyofuata, mchana, Baba alikuwa zamu na Wafula amelala. Aunty Janet alikuwa kwenye mashine akifuma sweta ya kijani. Nilifunga mlango, nikasukuma komeo, nikaenda kusimama karibu naye.

"Usiende," nikamwambia. "Mimi najua. Sitamwambia mtu."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni wewe, Mama."

Mkono wake ulisimama katikati ya mstari. Nikaona nimeshaanza, kwa hiyo nikamweleza yote kwa sauti ya chini na kwa haraka. Habari za yule mwanamke aliyezama na gauni la manjano, jinsi alivyorudi na nywele fupi na kupewa duka la maua. Kwamba wote wanamjua ila hawaruhusiwi kusema, na kwamba mimi nimenyamaza muda huu wote kwa sababu hiyo na si kwa sababu nyingine. Nilimwambia kovu limepakwa poda vizuri sana, halionekani kabisa. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakucheka.

"Nani alikuambia mambo haya?"

"Wewe," nikasema. "Ulikuwa umeketi pale kitandani."

Aligeuka akatazama kitanda. Kisha akanishika mikono yote miwili, na viganja vyake vilikuwa vikavu kwa ajili ya sufu.

"Mimi ni Janet," akasema. Alilitamka jina hilo polepole, maana ilikuwa siku nyingi hakuna aliyemwita hivyo. "Mama yako alikuwa dada yangu mkubwa. Aliyenifunza kufuma ni yeye. Amekufa. Nilimvalisha mimi mwenyewe."

Nilimtazama usoni nikitafuta mahali pa kuingilia, kama nilivyozoea. Hapakuwa na mahali. Shingo ilikuwa yake na macho yalikuwa yake, na alikuwa msichana mdogo tu aliyekonda, mwenye kipande cha uzi wa kijani mdomoni.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwa na baridi?"

Mtu mwingine angenidanganya hapo. Mama Brayo angenidanganya, na Kukhu pia, kwa upendo.

"Baridi sana," akasema. "Nilitaka kumpaka mafuta miguuni, kwa sababu hakupenda miguu iliyopauka. Yakakataa kushika. Nikayasugua kwanza mikononi mwangu mpaka yakapata joto, ndipo nikampaka. Mguu mmoja, halafu mwingine."

Nililia. Sikujua kwamba sauti ile ilikuwa yangu mpaka Wafula alipoamka na kuanza kulia naye, na Aunty Janet akateleza kutoka kwenye kiti akaketi sakafuni nasi, akalia kwa mdomo wazi, kilio chake cha kwanza pia tangu aje Nairobi, maana walimleta awe mama na hakuna aliyekuwa amempa pole ya dada. Uchungu ulikuja wote kwa mara moja na ulikuwa mkubwa kuliko mimi. Nilimshika kwa mikono yote miwili.

Tulipiga kelele kiasi kwamba ploti nzima ilisikia. Mama Brayo alikuja akigonga mlango, akauliza kuna nini humo ndani, nani ameumia. Aunty Janet aliinuka na Wafula begani, akafuta pua kwa mkono wa sweta, akavuta komeo.

"Tumefiwa," akamwambia.